Studio Inaganda, Sauti Inapasuka: Je, Ni RAM Kweli?

Usiku ule tulikuwa tunamalizia wimbo wa harusi, taarabu ya mtindo wa zamani: fidla nne, ganuni, udi, akodiani, dumbaki na wanawake sita wa kuitikia. Waitikiaji na dumbaki walikuwa wa kweli. Vilivyobaki vyote vilitoka ndani ya laptopu yenye RAM ya GB 8, yaani kumbukumbu ya muda ambamo mashine huweka kazi inayoendelea. Nilipofungua fidla ya nne, kishale cha mausi kikaanza kuruka badala ya kuteleza, taa ya diski ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, na baada ya dakika chache programu ikajifunga yenyewe. Harusi ilikuwa kesho yake alasiri.

Wimbo tuliumaliza, na tulivyofanya nitaeleza huku chini. Kilichoniuma zaidi ni cha kabla ya hapo. Miezi michache nyuma, laptopu ileile ilikuwa na GB 4 na sauti ilikuwa inapasukapasuka kila nikipiga kinanda. Fundi mmoja akaniambia ni RAM. Nikanunua, nikafika GB 8, na sauti ikaendelea kupasuka vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa RAM hata kidogo. Siku ile nikaelewa kwamba kupasuka kwa sauti na kuganda kwa mashine ni maradhi mawili mbalimbali, na dawa ya moja haitibu lingine. Kijana anayetengeneza muziki chumbani kwake hana fedha ya kununua vifaa kwa kubahatisha. Kwa hiyo tuanze na dalili, dukani tutafika baadaye.

Soma namba kwanza

Fungua mradi mzito kuliko yote uliyonayo na uuache ucheze. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, ingia Performance, kisha Memory. Wengi hutazama asilimia tu, wakiona 80 wanashtuka. Mimi natazama sehemu mbili. Ya kwanza ni Available, yaani RAM ambayo bado inaweza kutumika. Ya pili ni Committed, yenye namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju: ya mbele ni kiasi ambacho programu zote zimeahidiwa, ya nyuma ni kikomo, maana yake RAM yako ukijumlisha na faili la akiba ambalo Windows hulitenga kwenye diski. Available ikibaki chini ya GB 1 na namba ya mbele ya Committed ikawa imeipita RAM yako kwa mbali, mashine imeanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Usiku ule yangu ilisoma 11.4 kwa 12.6, kwenye mashine ya GB 8.

Ukitaka ushahidi zaidi, fungua Resource Monitor, ukurasa wa Memory, uangalie Hard Faults. Wimbo ukiwa unafunguka ni kawaida mstari ule kupanda, kwa sababu vitu vinasomwa kutoka diski. Ukiendelea kupanda na kushuka kwa mamia wakati wimbo umeshafunguka na unacheza, RAM haitoshi.

Kwenye Mac fungua Activity Monitor, ukurasa wa Memory, utazame mchoro wa Memory Pressure. Ukiwa kijani uko salama hata kama Memory Used iko juu. Njano ni onyo. Nyekundu ni kwamba mashine inahangaika.

Kwa nini fidla moja inakula hivyo

Chombo pepe cha sampuli ni ghala la rekodi, na kila rekodi ndiyo tunayoiita sampuli. Mtu alikaa mbele ya kinanda halisi, akapiga kila noti polepole, kwa wastani, kwa nguvu, na kila pigo likarekodiwa peke yake. Chukua kinanda chenye vibonye 88, kila kimoja kimerekodiwa kwa viwango 8 vya nguvu: tayari ni rekodi 704. Kila rekodi iwe ya sekunde 10, stereo, biti 24, kHz 44.1. Sekunde moja ya sauti hiyo ni baiti 264,600. Zidisha zote, unapata karibu GB 1.9. Hapo ni seti moja tu ya maikrofoni. Zikiwa tatu, ya karibu, ya kati na ya mbali, unafika kama GB 5.6 kwa kinanda kimoja.

Siku hizi chombo cha namna hiyo hakipakiwi chote kwenye RAM. Tangu GigaSampler ilipotoka mwaka 1998, sampla, yaani programu zinazopiga sampuli hizo, hupakia kipande cha mwanzo tu cha kila rekodi, na sehemu iliyobaki husomwa kutoka diski kidole kikiwa bado kwenye kibonye. Kontakt, sampla ambayo wengi wetu ndiyo tunayofanyia kazi, kwa vyombo vingi hupakia KB 60 za kila sampuli. 704 mara KB 60 ni kama MB 42, kitu kidogo kabisa.

Basi fidla inauaje mashine? Kwa wingi wa mitindo ya kupiga. Kuna noti ndefu, noti fupi, za kudonoa kwa kidole, za kutetemesha, za kuteleza kutoka noti hadi noti, na kila mtindo una sampuli zake. Chombo chenye sampuli 10,000 kinachukua MB 600 za RAM kabla hujapiga noti hata moja. Fungua fidla nne za namna hiyo, umeshatumia GB 2.4. Ongeza Windows yenyewe, programu ya kurekodia, ganuni, udi, akodiani na kivinjari ulichosahau kukifunga, GB 8 zimekwisha.

Sinthesaiza kama Serum ni habari nyingine. Yenyewe hutengeneza sauti kwa hesabu, kwa hiyo inailemea prosesa na RAM inaigusa kidogo tu. Ndiyo maana anayetengeneza midundo kwa sinthesaiza kumi anaweza kukuambia GB 8 zinamtosha, nawe wa kwaya au taarabu ukashindwa kwenye mashine ileile. Wote wawili mnasema kweli.

Sauti inapasuka, lakini mashine haigandi

Hii ndiyo dalili iliyonila fedha. Ukibonyeza unasikia krr, tik tik, kama maji yakidondokea mafuta ya moto. Lakini mausi inateleza vizuri, madirisha yanafunguka, na Available bado ina GB 2 au 3. Ukiona hivyo, iache RAM mahali pake.

Kadi ya sauti haiombi wimbo mzima kwa mkupuo, huomba kwa mafungu. Ukubwa wa fungu ndio huo tunaouita bafa, na unahesabiwa kwa nukta za sauti. Nukta 44,100 zinafanya sekunde moja. Bafa ikiwa 128, prosesa ina milisekunde 2.9 kulijaza fungu. Ikichelewa kidogo tu, panatokea pengo, na pengo hilo ndilo krr unalolisikia. Bafa ikiwa 512, muda unakuwa milisekunde 11.6. Basi wakati wa kurekodi iweke chini ili sauti isichelewe masikioni mwa mwimbaji, na ukianza kumiksi ipandishe hadi 1024, kwa sababu hapo hakuna anayesubiri sauti yake irudi.

Kama huna kadi ya sauti ya nje na uko Windows, hakikisha unatumia dereva wa ASIO. Dereva ni programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa, na huyu ni wa sauti. ASIO4ALL ni ya bure, na programu ya kurekodia ya FL Studio inakuja na ya kwake. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na sauti inayopasuka, kumbe programu ilikuwa bado kwenye dereva wa kawaida wa Windows.

Umeme nao una lake. Ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri, na Windows inapunguza kasi ya prosesa ili betri idumu. Wimbo uliokuwa safi dakika moja iliyopita unaanza kupasuka. Ingia kwenye mipangilio ya umeme uchague utendaji wa juu, hasa kwa wakati wa betri.

Halafu kuna joto, na hapa ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa. Dalili yake ni kwamba dakika ishirini za mwanzo sauti ni safi kabisa, kisha inaanza kupasuka, na ukiizima mashine ikapumzika, inarudi safi. Studio yangu ni chumba cha kawaida, dirisha limefungwa ili kelele za barabarani zisiingie kwenye maikrofoni, na Februari ya pwani mnaijua. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguza kasi zenyewe joto likikaribia nyuzi 100, ili zisiungue. Pakua HWiNFO, ni ya bure, uangalie joto wimbo ukiwa unacheza. Nilipofungua kifuniko cha chini nilikuta vumbi limeshikana kwenye matundu ya feni kama kipande cha blanketi, ukilivuta linatoka zima. Brashi laini na pesti mpya ya joto juu ya prosesa vilifanya kile ambacho kijiti cha RAM hakikukifanya.

Kama joto ni zuri na bado inapasuka, endesha LatencyMon kwa dakika kumi. Inakuonyesha dereva gani anaishika prosesa kwa muda mrefu. Mara nyingi ni wa WiFi. Zima WiFi unaporekodi, jaribu tena.

Jaribio la haraka la kutenganisha mambo haya: pandisha bafa hadi 2048. Kupasuka kukiisha, shida ni prosesa au madereva. Kukibaki palepale, kwenye noti zilezile, ruka hadi sehemu ya diski huko mbele.

Mashine nzima inaganda, taa ya diski haizimi

Hapa sasa ndipo RAM inapohusika. RAM ikijaa, Windows huchukua vitu visivyoguswa muda mrefu na kuvipeleka kwenye faili la akiba kwenye diski, kisha huvirudisha vikihitajika. Kwa mtu anayeandika barua hilo halionekani. Kwa muziki ni balaa, kwa sababu sampuli ya noti ya udi iliyopelekwa diski inatakiwa irudi ndani ya milisekunde chache.

Usiku ule wa harusi sikuwa na duka lililo wazi. Tulichofanya ni hiki. Nilianzisha upya mashine, nikafungua nakala iliyohifadhiwa kabla ya fidla ya nne, nikafunga kivinjari na kila kinachojifungua chenyewe. Kisha nikaicheza fidla ya kwanza kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kwenye kila chombo cha Kontakt kuna menyu ya Purge. Unachagua Reset Markers, unacheza wimbo wote, halafu unachagua Update Sample Pool. Sampuli zilizopigwa zinabaki, ambazo hazikupigwa zinatolewa kwenye RAM. Namba ya kumbukumbu iliyo kwenye kichwa cha chombo ilishuka kutoka karibu MB 600 hadi chini ya 80, mbele ya macho yetu. Fidla ile kwenye wimbo mzima ilikuwa inapiga noti ndefu na za kuteleza tu, kwenye oktava moja na nusu. Mitindo mingine yote ilikuwa imekalia RAM bure.

Angalizo: ukibadilisha melodi baadaye na noti mpya ikawa haisikiki, usidhani chombo kimeharibika. Rudi kwenye menyu ileile uchague Reload All Samples.

Fidla ya pili na ya tatu tukazirenda kuwa WAV, yaani tukazigeuza kuwa faili la kawaida la sauti, kisha tukaviondoa vyombo vyenyewe kwenye mradi. Sauti ya dakika tano, stereo, biti 24, ni faili la kama MB 79 kwenye diski, na kuicheza karibu haigharimu kitu. Kabla ya kukiondoa chombo, hifadhi mipangilio yake na noti zake za MIDI (maelekezo ya noti ipi ipigwe na lini) kwenye nakala nyingine ya mradi. Mteja akisema kesho anataka noti moja ibadilike, utashukuru.

Kugandisha treki ni njia hiyohiyo kwa kitufe kimoja, ila programu hazifanani. Cubase ina chaguo la kukitoa chombo kwenye RAM kinapogandishwa, lisome vizuri kabla hujabonyeza. Reaper nayo inaondoa plagini zilizogandishwa, yaani vyombo na vikolezo vya sauti vinavyofunguliwa ndani ya programu. Kuna programu nyingine ambazo kugandisha kunampumzisha prosesa tu, sampuli zinabaki palepale zilipo. Njia ya kujua ni kutazama Task Manager kabla na baada. Namba isiposhuka, renda kwa mkono.

Kama vyombo vyako viko kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kuna akiba nyingine. Kwenye Options za Kontakt, ukurasa wa Memory, unaweza kupunguza kile kipande cha kuanzia, kutoka KB 60 hadi 12. Chombo cha MB 600 kinaweza kushuka hadi kama 120. Kwa diski ya kuzunguka usijaribu, utaanza kupoteza noti.

Mambo mawili nakusihi usiyafanye. Usipakue programu zinazojiita za kusafisha RAM. Zinachofanya ni kulazimisha vitu viende kwenye diski mapema, na unapocheza vinarudi vyote kwa msongamano. Na usilizime faili la akiba la Windows kwa kuambiwa kwamba linachelewesha. Ukilizima, kikomo cha Committed kinashuka, na badala ya mashine kuwa nzito programu inajifunga bila onyo, na kazi ambayo hukuihifadhi inaondoka nayo.

Noti zinakosekana, au mradi unafunguka polepole mno

Akodi ya vidole kumi kwenye kinanda chenye seti tatu za maikrofoni ni mafaili 30 yanayosomwa kwa wakati mmoja. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 5,400 kwa dakika inahitaji kama milisekunde 10 au zaidi kufikisha mkono wake kwenye kila moja. Haiwezi, na noti zinadondoka njiani. RAM ikiwa inatosha na noti bado zinapotea, dawa ni SSD. Nasema wazi: mtu mwenye diski ya kuzunguka na GB 8 ambazo hazijai, anunue SSD kwanza, RAM baadaye. Tofauti ataiona siku hiyohiyo.

Ukitumia diski ya nje, tazama tundu. USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa matumizi ya kweli hupati zaidi ya MB 40 hivi. SSD nzuri kwenye tundu hilo inakuwa mlemavu. Tundu la USB 3 mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, ingawa si kwa kila kampuni.

Umehamisha maktaba kutoka diski moja hadi nyingine na sasa kila chombo kinatafuta sampuli zake kwa dakika nzima? Tumia Batch Re-save ya Kontakt, mara moja tu, kisha folda nzima inafunguka upesi. Na kwenye Windows Security, liondoe folda la sampuli kwenye orodha ya vinavyokaguliwa kila vinaposomwa, mradi una uhakika na mahali ulipoipata maktaba hiyo.

Programu inajifunga ikifika GB 2 au 3, ilhali RAM ipo

Hiyo ni biti 32. Programu ya biti 32 kwa kawaida inapewa GB 2 tu, na hata ikitengenezwa kwa kupewa zaidi haivuki GB 4, hata kama mashine ina RAM ya GB 32. Angalia Settings, System, About. Windows yenyewe ikiwa ya biti 32, weka ya biti 64. Kama Windows ni ya 64 lakini programu ya kurekodia ni ya 32, badilisha programu, na plagini zako pia utafute matoleo yao ya 64. Hapa hununui kitu.

Nimeweka GB 8, naonyeshwa 5.9

Kwenye Task Manager tafuta Hardware reserved. Laptopu zisizo na kadi ya picha ya peke yake hukopa RAM ili kuchora picha za kwenye skrini, na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, unaweza kukuta picha hizo zimetengewa GB 2. Muziki hauhitaji picha nyingi, zipunguzie. Pia fungua msconfig, Boot, Advanced options, uone kama kisanduku cha Maximum memory kimetiwa alama. Kitoe.

Umepima, ni RAM kweli, unakwenda kununua

Kwanza jua kama inaongezeka. Mac zote zenye chipu za M, kuanzia M1 ya Novemba 2020, huwezi kuziongezea RAM. Unakaa na uliyonunua. MacBook Pro za Retina kuanzia 2012 nazo zimechomelewa. Ile ya inchi 13 ya 2012 isiyo ya Retina ina sloti mbili na inapokea GB 16, ingawa Apple wenyewe waliandika 8.

Laptopu za mitumba za maofisini, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka yetu, nyingi zinafunguka vizuri. ThinkPad T430 ina sloti mbili za DDR3 (DDR na namba yake ni kizazi cha RAM), hadi GB 16. EliteBook 840 G3 ina sloti mbili za DDR4, hadi 32. Ya kwako itafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji kwa namba yake kamili. Task Manager nayo inakuonyesha sloti ngapi zimetumika, lakini ifungue mashine uone kwa macho, kwa sababu RAM iliyochomelewa ubaoni nayo inaweza kuhesabiwa kama sloti.

Chomoa kijiti cha zamani uende nacho dukani. Soma stika. Mfano, 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. PC3 ni DDR3, S ni ya laptopu, na hiyo L katikati ndiyo inayowaponza wengi. L ni ya volti 1.35, isiyo na L ni ya volti 1.5. Laptopu zenye prosesa za Intel za kizazi cha 4 zinazoishia na herufi U zinataka yenye L, na ukiweka isiyo na L mashine inaweza kukataa kuwaka. Ukiwa huna uhakika kati ya hizo mbili, chukua yenye L, kwa sababu mashine nyingi za volti 1.5 zinaipokea. DDR4 huandikwa PC4 na ni ya volti 1.2. Kila kizazi kina pengo lake kwenye meno ya dhahabu, kwa hiyo DDR3 haiingii sloti ya DDR4. Kikikataa, usikilazimishe.

Kiasi gani? Kwa midundo na sauti za watu, GB 8 zitakuvusha. Kwa kwaya, taarabu, nyimbo zenye kinanda kizuri na nyuzi, 16 ndiyo ninayomshauri karibu kila anayeniuliza. Okestra kamili yenye maikrofoni nyingi inataka 32 na kuendelea. Kama mashine yako inapokea kijiti kimoja cha 16 na fedha inatosha hicho tu, nunua hicho na uiache sloti ya pili kwa mwaka kesho, kuliko kuzijaza zote kwa vijiti vidogo ambavyo utalazimika kuvitoa. Vijiti viwili vinavyofanana vinaongeza kasi kidogo, lakini kwa sampuli nafasi ni muhimu kuliko kasi. Vyenye kasi tofauti vinaweza kukaa pamoja; vyote vitakwenda kwa kasi ya kile cha polepole.

Umeweka, mashine haiwaki

Usianze kulia. Kuweka kwenyewe kwanza: zima mashine kabisa, ukiwa umeshika Shift unapobonyeza Shut down, ili isibaki imelala nusu. Chomoa chaja, chomoa waya wa betri ya ndani, gusa chuma kikavu ili umeme wa mwilini uondoke. Kijiti kinaingia kwa kuinama, kama nyuzi 30, unakisukuma mpaka meno ya dhahabu yazame karibu yote, kisha unakilaza hadi vibano viwili vya pembeni vilie tak. Asilimia kubwa ya mashine zisizowaka baada ya kuongeza RAM ni kijiti ambacho hakikuzama vizuri.

Skrini ikiwa nyeusi, subiri dakika mbili au tatu. Mashine mpya, hasa za DDR5, huijaribu RAM ngeni kabla ya kuwaka. Ikikataa, toa vyote, sugua meno ya dhahabu taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, pangusa unga wote, rudisha kijiti kimoja. Kikiwaka, jaribu cha pili peke yake, kisha sloti ya pili.

Ikiwaka lakini ikawa inajifunga ovyo, skrini ya buluu, au WAV ulizorenda zina mlio wa ajabu usiokuwepo jana, kijiti kinaweza kuwa kibovu hata kama ni kipya. Windows ina kipimo chake, andika mdsched ubonyeze Enter. Mimi naamini zaidi MemTest86 kutoka kwenye flashi. Iache ipite mizunguko minne usiku kucha. Ikitoa mstari mwekundu hata mmoja, pima kijiti kimoja kimoja ujue ni kipi, piga picha ya skrini, na ukirudishe dukani pamoja na risiti waranti ikiwa bado hai.